Kocha Valentine na Kaburi la Baba Mkwe

Habari za mke wa mwanangu zimesimuliwa Gesima, zikafika Keumbu, na sasa nasikia hata Kenyenya alikozaliwa wanazo. Mahali pengi zimeharibiwa. Wapo wanaosema wasichana walikuwa thelathini, na wapo wanaosema walikuwa wakicheza dansi. Nilifundisha shule za msingi miaka thelathini na minne, na siwezi kuona hesabu mbovu nikainyamazia. Wasichana walikuwa kumi na wanne, hawakuwa wakicheza dansi, na walikuwa wameosha miguu.

Nianze na Valentine mwenyewe, kwa maana mtu hawezi kuyaelewa mazoezi yale bila kulielewa goti lake la kushoto. Alizaliwa Kenyenya, binti wa mama anayeuza ndizi sokoni, na akiwa na miaka kumi na saba alikuwa mshambuliaji ambaye walimu wa shule jirani walimjua kwa jina. Siku moja aliruka kupiga mpira wa kichwa. Kuruka aliruka vizuri. Kutua ndiko hakuwahi kufundishwa. Alitua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, akasikia humo sauti kama ya muwa unaovunjwa. Mwalimu wa michezo alimrudisha nyumbani kwa wilbaro, na njiani, Valentine anasema, alisimama mara mbili kusalimiana na watu.

Goti halikurudi lilivyokuwa. Mpaka leo anashuka ngazi kwa ubavu, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Mwanangu Osoro, ambaye anaendesha malori huko Naivasha, alipomleta nyumbani miaka minne iliyopita, shemeji yangu Ondieki alinivuta kando akaniuliza kama nimeona jinsi bibi harusi anavyotembea. Nilimjibu kwamba nimeona pia jinsi anavyofikiri, na kwamba katika ukoo wetu wenye miguu mizuri tayari wapo wengi.

Asubuhi Valentine anafundisha chekechea. Jioni ni kocha. Timu yake inaitwa Majani Mabichi, kwa sababu wasichana wake karibu wote huchuma chai na huja mazoezini vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu. Uwanja wao ni wa shule, na uwanja huo, kama kila kitu Gesima, umelala kwenye mteremko. Timu inayocheza kuelekea chini kipindi cha kwanza hufunga, kipindi cha pili hufungwa. Mpira ukitoka upande wa bondeni huingia kwenye chai ya Makori, naye Makori huurudisha akijisikia.

Huyu Makori ndiye baba yake Mong'ina, msichana anayewafungia magoli. Mwaka jana Mong'ina aliruka, akatua vibaya, goti likavimba kama papai, akakaa nyumbani msimu mzima bila kuchuma hata jani moja. Kabla yake wasichana wawili walikuwa wameumia vivyo hivyo. Makori alisimama kwenye kituo cha chai, mbele ya kila mtu aliyekuwa akingoja kupimiwa majani, akatangaza kwamba amemruhusu binti yake kurudi kwa mara ya mwisho. Siku Mong'ina atakapoletwa nyumbani akiwa amebebwa tena, hatarudi uwanjani. Wazazi wengine walitikisa vichwa kukubali. Wao pia walikuwa wakingoja kuona Makori atafanya nini, ili wafanye hivyo hivyo. Kwa hiyo timu nzima ilikuwa imening'inia kwenye goti moja, na Valentine alilijua hilo kuliko sisi sote.

Ndipo alipokwenda Kisii mjini kwa mafunzo ya siku mbili ya makocha. Aliyewafundisha ni kocha Abdirahman, kijana wa familia ya wauza vitambaa pale mjini, ambaye ana timu yake ya wasichana na, Valentine alisema, hajawahi kupoteza goti hata moja katika miaka mitatu. Alirudi na daftari limejaa. Wakati wa chakula alinieleza yote, akitumia miiko miwili ya ugali kama miguu.

"Wasichana wetu wanajua kupanda juu, Mama," alisema. "Hakuna aliyewahi kuwafundisha kurudi chini."

Zoezi lenyewe si gumu kulieleza. Msichana anasimama juu ya kitu kigumu, kimo chake kati ya shubiri moja na mbili. Anashuka kwa kuruka, anatua kwa miguu yote miwili bila kelele, magoti yakitazama kule vidole vinakotazama. Akigusa tu, anaruka juu palepale kana kwamba ardhi ina moto. Anarudia mara chache, halafu basi. Hufanywa mara mbili kwa juma, na siku za kupumzika katikati, kwa maana miguu hujifunza ikiwa imepumzika. Alisema wasichana wakilizoea wataruka juu zaidi, watakimbia kwa kasi zaidi, na magoti yao yataacha kuingia ndani. Kocha Abdirahman alisisitiza mambo mawili: mahali pawe tambarare penye nyasi, na kile kitu cha kurukia kisitikisike kabisa.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana kitu kisichotikisika ni adimu Gesima. Alianza na kreti za soda, na ya kwanza ikapasuka chini ya golikipa. Akajaribu mgomba uliokatwa, ukawatelezesha wanne mmoja baada ya mwingine mpaka wakarundikana. Akaazima benchi la kanisa bila kumwambia shemasi. Benchi lilirudi kanisani likiwa na miguu mitatu, na Sabato ile wanakwaya wa sauti ya tatu waliimba wameinama upande mmoja. Kisiki cha mkaratusi kilikuwa kigumu, lakini kilikuwa mteremkoni, na msichana akiruka kutoka hapo hakutua mpaka kwa Makori.

Akina mama wa kituo cha chai nao hawakukaa kimya. Mmoja alisema wasichana wanaoruka kama vyura hawatazaa, matumbo ya uzazi yatahama. Nilimkumbusha kwamba yeye alibeba vikapu vya chai kupanda kilima hiki kwa miaka ishirini na akazaa wanane, na kama tumbo lilihama basi lilikuwa likirudi lenyewe. Bibi mwingine aliniuliza kwa upole ni dhehebu gani jipya watoto hawa wamejiunga nalo.

Sasa sina budi kueleza kaburi.

Marehemu mume wangu, Mwalimu Nyasani, alikuwa mkuu wa shule, halafu mkaguzi wa shule, na alizikwa mkono wa kulia wa nyumba yake kama inavyompasa mwanamume wa kwetu. Sikutaka ng'ombe wa watu wampande. Nilimwita fundi Thadeus kutoka Keumbu nikamwambia nataka kaburi ambalo wajukuu wa wajukuu watalikuta. Thadeus alimwaga zege siku mbili. Alijenga daraja mbili: ya chini pana, kimo cha shubiri moja, na ya juu shubiri mbili, zote zimefunikwa vigae vya kijivu visivyoteleza hata mvua ikinyesha. Pembeni nilipanda nyasi fupi. Ua wangu ndio mahali pekee tambarare kutoka barabarani hadi mtoni, kwa kuwa Mwalimu alilipa watu kuusawazisha alipojenga. Mchungaji wetu aliwahi kusema hajaona kaburi lililotengenezwa vizuri hivyo upande huu wa Nyamira.

Mimi Jumatatu na Alhamisi alasiri huwa siko nyumbani. Nakwenda Keumbu kuwafundisha watu wazima kusoma. Baada ya majuma mawili hivi nilianza kugundua kwamba nikirudi siku hizo nakuta kaburi limeoshwa. Vigae vinang'aa, maji bado yanatiririka, na kitambaa cha kudekia kimeanikwa kwenye ua. Nilimuuliza Valentine kama ni yeye. Alisema ndiyo, ni yeye. Nikamuuliza kama kila Jumatatu na Alhamisi. Akasema ndiyo, Mama, kila Jumatatu na Alhamisi.

Niliguswa sana. Valentine hakuwahi kumwona baba mkwe wake. Mwalimu alifariki miaka miwili kabla hajaolewa. Niliisimulia habari hiyo kwenye mkutano wa Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa letu, nikaisimulia tena Sabato iliyofuata. Nasikia wajane wawili walikwenda nyumbani wakawauliza wake wa wana wao makaburi ya waume zao yameoshwa lini, na palitokea maneno. Baada ya majuma sita mchungaji mwenyewe aliniambia kwamba juma la familia linakaribia, na angependa kumwona Valentine ili atoe ushuhuda kanisani. Tulipanga waje Alhamisi moja: mchungaji, mama wawili wa Dorkasi, na shemeji yangu Ondieki, ambaye ni mzee wa kanisa na pia ndiye mkubwa wa ukoo tangu kaka yake atutoke. Mimi nililifunga darasa mapema ili nifike nao. Sikumwambia Valentine. Nilitaka wamkute na kitambaa mkononi.

Kutoka barabarani hadi langoni ni dakika kumi, na dakika zote kumi nilimsifu. Tulipolifikia lango tukasikia filimbi.

Walikuwa wamepanga mstari ulionyooka ambao shule yoyote ingeuonea fahari, miguu mitupu, kuanzia kwenye bomba la maji hadi kwenye kichwa cha marehemu. Mmoja anapanda daraja ya chini, anapanda ya juu, anaruka, anatua nyasini, anaruka tena, anaondoka, mwingine anapanda. Valentine alikuwa amesimama mbali, karibu na migomba, daftari kifuani.

"Sitaki kusikia miguu," alikuwa akisema. "Na magoti yasisalimiane. Nani alikwambia usalimie? Rudi."

Mong'ina ndiye aliyekuwa hewani tulipotokea. Alimwona mchungaji akiwa bado juu. Namtetea mtoto huyo mpaka leo: hakuyumba. Alitua kimya, magoti yametengana, akaruka juu tena kama daftari lilivyosema, na alipotua mara ya pili akainamisha kichwa akasema, "Bwana asifiwe, Mchungaji."

Mchungaji akajibu amesifiwa.

Wasichana waliambiwa waende nyumbani, nasi tukaingia sebuleni. Mama wa Dorkasi walikataa chai lakini hawakukataa kukaa. Ondieki alibaki amesimama. Kwetu, kati ya mke wa mwana na baba mkwe kuna heshima na haya tunayoiita chinsoni, na Ondieki aliieleza yote tangu mwanzo kana kwamba sisi ni wageni kutoka Mombasa. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono. Hakai kwenye kiti chake. Havuki mlango wa chumba chake.

"Na huyu," alisema, "amempandisha kaka yangu watoto wa watu kumi na wanne mgongoni. Mara mbili kwa juma. Kwa filimbi."

Alitaka timu ivunjwe siku ileile, na Valentine arudishwe Kenyenya kwa muda, mpaka ukoo ukae.

Valentine alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Aliomba ruhusa ya kusema. Alisema yeye mwenyewe hajawahi kuligusa kaburi lile kwa mguu, hata siku moja. Husimama penye migomba, hatua saba, kama ambavyo angesimama Baba angekuwa amekaa pale nje akisoma gazeti. Hata kuonyesha zoezi haonyeshi yeye. Humwachia Mong'ina, ambaye si mke wa mwana wa mtu. Na akiosha vigae, huosha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufagio wenye mpini mrefu. Mama mmoja wa Dorkasi alitoa sauti ya kukubali kabla hajajizuia.

Ondieki aliona chinsoni haijavunjwa, au kama imevunjwa basi imevunjwa kwa uangalifu mkubwa. Akageukia upande mwingine. Akasema marehemu amesumbuliwa katika mapumziko yake.

Mchungaji alikohoa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye anakumbuka mahubiri ya siku ya mazishi ya Mwalimu. Mhubiri alifundisha vizuri sana kwamba wafu wamelala na hawajui lolote mpaka parapanda, hawasikii vilio wala hawaoni sherehe, na aliwakemea waliokuja na mila za kuwaogopa marehemu. Mhubiri huyo, mchungaji alisema, alikuwa Mzee Ondieki.

Ondieki alikaa chini.

"Basi si yeye," alisema hatimaye. "Ni jina. Watu watasema nini juu ya jina la Nyasani?"

Hapo alikuwa ameingia kwenye shamba langu. Jina hilo nimelichunga tangu siku nilipoolewa, na nimelichunga peke yangu miaka sita. Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha, lakini hasira yangu haikuwa ya kaburi. Nilikuwa nimesimama mbele ya Dorkasi mara mbili. Nilimuuliza Valentine kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nitakuambia, Mama. Ukanisifu kwanza. Halafu kabla sijajipanga ukanisifu tena."

"Na kwa nini kaburi?"

"Nilitafuta Gesima yote kitu kisichotikisika," alisema. "Nilipata kimoja tu."

Nikamwambia alete daftari. Nimesahihisha madaftari maelfu na najua kutofautisha la mtu anayefanya kazi na la mtu anayejaza kurasa. Hili lilikuwa la kazi. Kila msichana alikuwa na ukurasa wake, kila Jumatatu na Alhamisi imeandikwa, na mbele ya kila siku ameandika magoti yalifanya nini. Yanasalimiana. Yanasalimiana. Kidogo. Kidogo la kushoto tu. Sawa. Kumi na watatu walikuwa wamefika kwenye sawa. Ukurasa wa Mong'ina ulikuwa na majuma matano ya kidogo la kulia tu, na sawa ya kwanza ilikuwa Jumatatu ile iliyopita. Chini yake, kwa tarehe ya siku ile, Valentine alikuwa ameandika: bado siku kumi.

Siku kumi zilikuwa za kungojea mechi yetu na Kenyenya, itakayochezwa Keumbu, mechi ya mwisho ya ligi. Niliuliza kama mtu akiacha mazoezi sasa goti linasahau. Valentine alisema la Mong'ina litasahau, kwa sababu limejifunza juzi.

Nikatoa uamuzi wangu. Nilisema kaburi ni kaburi, na hakuna mguu utakaolikanyaga tena, hata uwe umeoshwa kwa maziwa. Ondieki akaitikia. Nikasema fundi Thadeus atajenga daraja mbili za zege pale uani, mbali na Mwalimu, kimo kilekile. Lakini zege linahitaji kukauka, na mazoezi hayawezi kungoja. Kwa hiyo mpaka mechi ipite, wasichana watarukia kitu kigumu cha pili katika Gesima.

Ondieki akauliza ni kipi.

Nikasema ni baraza yake.

Nieleze kwamba Ondieki amemaliza nyumba mpya. Mbele ina ngazi mbili pana za saruji nyekundu, amezisugua nta, na mtu akizikanyaga na viatu huitwa arudi avivue. Mbele yake kuna kipande cha nyasi ambacho mkewe hukikata kwa mkasi. Alisema haiwezekani. Nikamwambia, "Shemeji, umetaja jina. Mong'ina akivunjika Keumbu, watu watauliza nani aliyesimamisha mazoezi yake zikiwa zimebaki siku kumi. Nami sitadanganya, kwa sababu nafundisha." Mchungaji akasema lingekuwa jambo jema sana, na kwamba angelitaja katika juma la familia. Mama wa Dorkasi wakatoa daftari lao wakaandika.

Jumatatu iliyofuata wasichana kumi na wanne walipanga mstari mbele ya baraza. Ondieki aliweka kiti chake juu kabisa, mlangoni, ili kulinda nta. Siku hiyo alitazama nta yake tu. Alhamisi alimwita Valentine kando akamnong'oneza kwamba yule mrefu wa pili, goti lake la kushoto linasalimia. Valentine aliangalia, akakuta ni kweli. Lilikuwa kosa kwa upande wake kumshukuru mbele ya wasichana. Kuanzia hapo Ondieki hakukaa tena. Alishuka nyasini na fimbo yake, akachuchumaa pembeni, uso ukiwa karibu na nyasi, akitazama magoti yanavyoshuka. Mazoezi hayajaisha, alikuwa ametuma aletewe filimbi. Mkewe alilalamika kwamba kwenye kituo cha chai ameanza kuwatazama watu wanaoshuka kwenye lori na kuwaambia warudi juu washuke tena.

Mechi ilichezwa Jumapili. Uwanja wa Keumbu ni tambarare, jambo lililowachanganya wasichana wetu dakika kumi za kwanza. Kila mpira waliuacha wakidhani utarudi wenyewe. Kenyenya wakafunga. Mama mzazi wa Valentine, aliyekuwa amekuja na ndizi zake na kukaa upande wa Kenyenya, alishangilia, halafu akamwangalia binti yake akaacha. Kipindi cha pili Majani Mabichi walisawazisha. Lakini sare ilikuwa ya Kenyenya, kwa pointi. Sisi tulihitaji goli moja zaidi, na mvua ilikuwa imeanza.

Zikiwa zimebaki dakika chache tulipata kona. Makori alikuwa mstari wa mbele chini ya mwavuli wake mkubwa wa kuchumia chai, na wazazi wengine wamesimama nyuma yake, wakitazama uwanja kwa jicho moja na Makori kwa jingine. Mpira ukaja. Mong'ina akaruka juu ya kila mtu. Alipiga kichwa, golikipa wa Kenyenya akaupangua, na hapo hapo beki wao mmoja, msichana mkubwa, akamgonga Mong'ina angali hewani. Akaanza kurudi chini upande upande, kwa mguu mmoja, mguu wa kulia, penye matope.

Valentine alifumba macho. Amekiri mwenyewe. Makori hakufumba, Makori alikwenda. Alivuka mstari na mwavuli umefunguka, akikimbia kumbeba binti yake kabla hajaanguka.

Mong'ina akagusa chini. Goti likakunjika mbele, likatazama kule vidole vilikotazama, na ardhi ilikuwa na moto. Akaruka tena palepale, kabla beki hajageuka, kabla golikipa hajainuka, akaupiga ule mpira uliopanguliwa kwa kichwa mara ya pili, ukaingia wavuni.

Ulikuwa umeingia wavuni, lakini filimbi ilikuwa imelia kabla. Refa alikuwa anamwonyesha kidole mwanamume mwenye mwavuli aliyesimama ndani ya boksi.

"Wewe ni nani?" refa alimuuliza.

"Mimi ni mzazi," Makori alisema.

"Mzazi wa nani?"

Makori alimtazama binti yake, aliyekuwa amesimama wima kwa miguu yote miwili, matope hadi shingoni, akimtazama baba yake kwa namna ambayo sijaona mtoto akimtazama mzazi. "Wa hili goti," alisema.

Goli lilikataliwa. Mechi ikaisha sare, goli moja kwa goli moja, Kenyenya wakachukua kombe. Ondieki aliingia uwanjani baada ya filimbi ya mwisho kumfafanulia refa jinsi goti lile lilivyotua, akachuchumaa kuonyesha, na ilibidi watu wawili wamwinue.

Makori alirudi kwa wazazi wenzake akasema, kama mtu mwenye heshima zake, kwamba kwa hatari aliyoiona leo anafikiria kumwondoa Mong'ina kwenye timu. Hakumaliza. Wazazi walewale waliokuwa wakimngoja miezi yote wakamzunguka. Walimuuliza ni hatari gani, hatari ya mwavuli? Walimwambia msichana aliyebebwa hakuna, kilichobebwa ni kombe, na limebebwa Kenyenya kwa sababu yake. Mmoja alimwambia wazi kwamba Mong'ina hatatoka Majani Mabichi mpaka lile goli lirudi, na ikiwa Makori hana nafasi ya kumleta mazoezini, wao watapita kumchukua.

Alhamisi iliyofuata Makori alifika kwangu pamoja na Mong'ina na binti yake mdogo wa miaka kumi na mmoja, ambaye naye alitaka kuandikishwa. Zege la Thadeus lilikuwa limekauka. Valentine aliandika jina la mtoto kwenye ukurasa mpya, akamwambia aoshe miguu, apande daraja ya chini, ashuke. Mtoto akashuka, magoti yakasalimiana. Valentine akamwambia arudi. Baba yake alikuwa amekwisha nyanyuka kwenye kiti nilichompa.

Aliomba samahani, akakaa, mtoto alipopanda tena akanyanyuka tena. Akamuuliza Valentine kama anaweza angalau kusimama karibu, mikono tayari, endapo mmoja wao ataanguka.

"Akianguka atainuka, Baba Mong'ina," Valentine alisema, bila kuinua macho kwenye daftari. "Wewe kaa."

Akakaa.